GARI HALIFI SIKU MOJA

Maneno ya Ndugu Katibu wa Chama kwenye Mkutano Mkuu wa wanaushirika. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.



Nimepewa dakika chache niseme juu ya gari letu. Nitazizidisha kidogo, mtanisamehe. Mimi si dereva wala si fundi. Leseni sina. Kusoma na kuandika nimejua ukubwani, kwenye darasa la watu wazima pale shuleni, na hadi leo jembe nalishika vizuri kuliko kalamu. Lakini neno hili nimeomba kulisema mwenyewe kwa sababu kosa lilikuwa langu, na ni afadhali mlisikie kutoka kinywani mwangu kuliko kulisikia kilabuni.

Mnakumbuka Canter yetu ilivyolala mlimani mwezi wa Aprili mwaka 2025. Wengi mnasema gari lilikufa siku ile ya Alhamisi, kwenye zile kona za juu ya Mwembe, likiwa limebeba saruji ya darasa. Hapana, ndugu zangu. Gari halikufa Alhamisi. Lilianza kufa wiki tatu nyuma, na mimi nilikuwepo.

Dereva wetu alinifuata akaniambia, "Katibu, mpira wa juu wa rejeta umechanika, maji yanadondoka. Naomba hela ninunue mwingine nikifika Same." Bei yake shilingi 25,000. Nikamwuliza, gari linatembea au halitembei? Akasema linatembea. Nikamwambia, basi funga na kipande cha tyubu ya baiskeli, wiki ijayo tutaona. Wiki ya pili akaja tena, nikamjibu yale yale. Wiki ya tatu hakuja. Aliona huyu mzee hasikii, akawa anabeba dumu la maji chini ya kiti na kuongeza njiani.

Na hela hizo zilikuwepo! Mweka hazina ana daftari lake hapa, mtaona. Wiki ile ile tulinunua soda na maandazi ya wageni kwa shilingi 31,000. Wageni walishiba, rejeta ikabaki na kiu. (Kicheko.) Chekeni tu, lakini ngojeni mwisho wake.

Siku ile gari lilikuwa na mifuko 60 ya saruji. Mfuko kilo 50. Hesabu hii tumeifanya darasani kwetu na kila mwanafunzi aliipata: kilo 3,000, yaani tani tatu kamili, ndio mzigo wa gari lile. Tulipofika Mwembe wakapanda watu tisa, mabati ya mtu na magunia mawili ya mahindi. Dereva alikataa. Aliyemwambia "wapakie tu, hawa ni watu wetu" ni mimi, nilikuwa nimekaa mbele kama bwana mkubwa. Tukaanza kupanda. Jua kali, gia ya pili, wakati mwingine ya kwanza. Mshale wa joto ukapanda. Dereva akasema tusimame lipoe. Nikasema twende tu tufike pale kwenye tambarare. Hatukufika. Mvuke ulitoka mbele kama sufuria la pilau limefunuliwa, injini ikazima, na watu tisa wakashuka kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu.

Fundi alipofungua alitueleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Injini inachoma mafuta ndani yake, na moto ule lazima upozwe. Maji ndiyo yanayozunguka kuuchukua ule moto na kuupeleka kwenye rejeta, upepo na feni viupoze. Maji yakipungua, chuma kinapata moto kuliko kinavyostahimili, kinapinda. Hedi yetu ilipinda, gasketi iliyo chini yake ikaungua, maji yakaingia kwenye oili. Oili ilipomwagwa ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailainishi kitu, inasaga vyuma tu. Kuvutwa hadi Same, spea, kuchonga hedi na malipo ya fundi: shilingi 1,480,000. Kwa fedha hiyo tungenunua mipira ya rejeta 59 na chenji ikabaki.

Hayo ni ya fedha. Kuna mengine. Wiki tisa hatukuwa na gari. Magunia 42 ya tangawizi yalikaa ghalani. Tangawizi ikikaa inanyauka, uzito unapungua, na ile ya chini iliota ukungu. Walanguzi wakaja na magari yao na bei yao mfukoni, na ninyi mlikubali kwa sababu ada za shule hazingoji. Na usiku ule wa mvua, mama mmoja wa kitongoji cha juu alishikwa na uchungu, vijana wakambeba kwa machela hadi barabara kubwa. Mungu alisaidia, mama yupo na mtoto yupo, wamekaa pale nyuma. Lakini mimi sikulala usiku ule. Nilikuwa nahesabu: 25,000.

Sasa mtu atasema, hayo ni mambo ya mitambo, sisi wakulima tutayajulia wapi. Nani hapa hajui ndiva? Wazee wetu wa Upare walichimba ndiva, maji yanaingia usiku, asubuhi tunafungulia mfereji. Je, ndiva ikishachimbwa inaachwa? Kila mwaka tunaitana, tunaingia na majembe, tunatoa tope. Asiyefika anatozwa faini. Hakuna anayesema "tungoje ndiva ijae tope kabisa ndipo tuzibue", maana siku hiyo mahindi ya bondeni yatakuwa yamekauka. Oili ya gari inapochakaa ni lile lile tope la ndiva. Tofauti ni moja tu, tope la ndiva tunaliona sote, na la injini limefunikwa na boneti.

Nyuma ya ghala letu kuna bodi la lori la zamani, kuku wanatagia humo. Vijana hamjui habari zake. Lililetwa miaka ya 1970, wakati vijiji vingi nchini vilipata malori. Tumezoea kusema spea zilikosekana. Ni kweli, baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa adimu na spea zikawa shida nchi nzima. Lakini wazee waliolipanda wananiambia lile letu lilisimama hata kabla ya vita. Lilikuwa gari la wote, kwa hiyo halikuwa na mtu wa kulitazama oili. Mzee mmoja aliniambia hivi: kila mtu alijua limefika lini, hakuna aliyejua limemwagwa oili lini.

Basi nimekaa na dereva na fundi jioni tatu, na kalamu yangu hii inayotetemeka, nikaandika yanayotupasa.

La kwanza ni asubuhi, kabla ya ufunguo kuzungushwa. Gari lisimame mahali pa tambarare, injini imelala usiku kucha imepoa. Chomoa kile kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe, kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, hakuna safari mpaka iongezwe. Ikiwa juu ya alama ya juu nayo si sifa, oili ikizidi pia inaharibu. Kisha maji ya rejeta. Fundi anataka tuweke kulanti, siyo maji matupu ya bomba, kwa sababu maji matupu yanaleta kutu ndani na yanachemka upesi. Na hapa naomba mnisikilize, hasa mataniboi: mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa na moto. Maji yale yako kwenye shinikizo, yatakurukia usoni na kukubabua. Gari likichemka njiani, lisimamishwe, watu washuke, lipoe kwanza. Wala usimwage maji baridi ghafla kwenye injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka kama glasi ya chai.

Halafu inama utazame chini ya gari mahali lilipolala. Doa ardhini ni barua. Doa jeusi ni oili, doa la maji ni rejeta, na ukiona unyevu ndani ya gurudumu huenda ni mafuta ya breki, hilo ni la kukimbilia fundi siku hiyo hiyo. Tazama mkanda wa feni, kama umechanika au umelegea. Tikisa vituo vya betri. Taa, honi, wipa. Kazi hii yote haizidi robo saa. Nilimpimia dereva kwa saa yangu.

Filta ya hewa nisiisahau. Ninyi mnajua vumbi la bondeni, kutoka Same kwenda Kisiwani wakati wa kiangazi, gari la mbele likipita huoni hata pua yako. Vumbi lile injini inalivuta. Filta ikiziba gari linakosa pumzi, linatoa moshi mweusi, linakula dizeli nyingi, na dereva anasingiziwa kuwa anaiba mafuta. Ndiyo, nasema wazi, tuliwahi kumsingizia. Filta ilipobadilishwa wizi ukaisha. (Kicheko na makofi.)

Sasa matairi. Hapa sitacheka. Jioni ya tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, humu humu wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana yakawaka moto. Taarifa ya Ikulu siku iliyofuata ilisema waliokufa ni 38, na kwamba tairi la basi mojawapo lilipasuka dereva akashindwa kulimudu. Mimi si mpelelezi, siwezi kusema tairi lile lilikuwaje. Nasema tu juu ya matairi yetu sisi. Tairi lenye upepo mdogo linakunjika kila linapozunguka, kule kukunjika kunalipa joto, na likiwa na mzigo mzito juu ya lami ya moto huko chini, linapasuka. Macho hayatoshi kupima upepo. Tununue kipimo, ni kitu kidogo cha kushika mkononi, na tupime asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi lenye uvimbe pembeni, au lililochanika mpaka nyuzi zinaonekana, lisiende safari hata kama "lina siku mbili tatu bado". Na tairi likishabadilishwa, nati zikazwe tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi, maana hulegea. Tairi la akiba nalo lijazwe upepo. Mwaka jana tulikuwa nalo, limelala kama chapati.

Nije kwenye uendeshaji. Dereva wetu ni kijana mwangalifu, simfundishi kazi. Ila niseme mbele yenu ili siku mtakapompigia kelele mjue mnampigia kelele kwa nini. Milima hii yetu ina mteremko mrefu kuliko breki. Dereva akiweka fri ili kuokoa mafuta, gari lote na mzigo wake linashikwa na breki peke yake. Breki zikikanyagwa muda mrefu zinapata moto, zinanuka kama kitambaa kinachoungua, na zikishafika hapo unakanyaga na gari haliitiki. Gia unayoitumia kupandia mlima ndiyo ya kuteremkia, injini ndiyo ishike gari, na breki ziguswe kidogo kidogo na kuachiwa. Ukisikia gari linanguruma likishuka polepole kutoka Mbaga, usiseme dereva ana uoga. Anaokoa shingo yako. Tukivuka korongo lenye maji, breki hulowa, basi aziguse mara mbili tatu mpaka zikauke. Na utelezi wa udongo wetu mwekundu mnaujua. Mvua ikinyesha kubwa, gari lilale Same. Tangawizi itangoja, na aliyeko nyumbani atangoja.

Na ninyi vijana wa bodaboda msikae mkidhani hayawahusu. Mnyororo mkavu na tairi lipara, halafu abiria wawili na gunia, kwenye mteremko ule ule. Oili ya pikipiki nayo humwagwa, haiongezwi tu juu ya ile chafu.

Barabara pia ni sehemu ya gari. Springi mbili tulizovunja zilivunjwa na mashimo ambayo kila mmoja wetu anayafahamu kwa jina. Msaragambo wa Jumamosi hii utaanzia kwenye lile shimo la daraja la mbao. Kila kaya ilete mtu mmoja na jembe au karai, tuzibe kwa mawe na kufungua mifereji ya pembeni ili maji yasipite katikati. Tulioko kamati tutakuwa wa kwanza kufika, na tusipofika, tutozwe faini kama wengine.

Sasa daftari. Hili ndilo lililo moyoni mwangu. Tumenunua daftari kubwa la gari. Kila asubuhi dereva ataandika tarehe, kilomita, oili, maji, matairi, mzigo kilo ngapi, na lolote aliloliona. Akiandika "mpira unavuja", katibu au mwenyekiti lazima aandike jibu pembeni yake na sahihi yake siku hiyo hiyo. Angekuwa na daftari hili Machi mwaka 2025, sahihi yangu ingekuwa pale mara mbili chini ya neno "ngoja", na mngeniuliza mapema. Kila Jumapili darasa letu la watu wazima litanakili ukurasa wa wiki na kuubandika hapa ukutani. Baadhi yenu mlikuwa mnaniuliza, Katibu, tukishajua kusoma tutasoma nini? Mtasoma habari za mali yenu.

Hesabu ya oili nayo tumeipiga. Kwenda Same na kurudi kwetu ni kama kilomita 80. Safari tatu kwa wiki ni 240. Watu wengi humwaga oili kila kilomita 5,000, lakini fundi anasema kwa milima hii, mzigo huu na vumbi hili, tusizidishe 4,000. Gawanya: ni wiki 16 na siku chache. Kwa hiyo kila mwezi wa nne oili inamwagwa pamoja na filta yake, liwe linanguruma vizuri au vibaya. Siku hiyo hiyo fundi atazame breki, apige grisi, na kukagua oili ya gia boksi na difu.

Fedha zitatoka wapi? Hoja yangu ni kwamba kila safari ya gari, shilingi 15,000 zitengwe kwanza, kabla ya posho, kabla ya soda za wageni, kabla ya kugawana. Safari tatu ni 45,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni shilingi 2,340,000. Ninajua maana yake. Maana yake malipo yenu ya pili ya tangawizi yatapungua kidogo, na najua kuna wajane hapa ambao kidogo hicho ni sabuni na chumvi ya mwezi. Sisemi kwamba ni rahisi. Nasema tulikwisha kulipa 1,480,000 bila kuulizwa.

Na hoja ya pili. Dereva apewe mamlaka ya kukataa. Akisema mzigo umezidi, umezidi. Akisema gari haliendi leo, haliendi, hata kama anayetaka safari ni mwenyekiti, ni diwani, ni mimi. Na juu ya mzigo wasikae watu, sheria imekataza na akili pia. Mgonjwa au mama mjamzito atakaa mbele, na katibu atatembea kwa miguu. (Makofi.)

Ndugu Mwenyekiti, hoja zangu ni hizo mbili, nakuomba uziweke mbele ya mkutano. Kesho saa 12 asubuhi dereva atafungua boneti hapa uwanjani, atawaonyesha kijiti cha oili kinavyosomwa. Anayetaka kuona aje, akina mama na watoto wa shule pia. Kwa hayo nakaa.

(Hoja zilipigiwa kura kwa kuinua mikono. Hoja ya mfuko wa gari: waliokubali 61, waliokataa 14. Hoja ya dereva: walikubali wote isipokuwa watu 3. Mama mmoja aliomba ziada, kwamba na mfuniko wa rejeta uandikwe kwa rangi nyekundu USIGUSE MOTO. Ilikubaliwa. Rangi italetwa na mwalimu.)